Shani Kavacha: sala ya Wahindu ya siku ya Jumamosi

Jumamosi, ile ambayo watu wengi wa Katanga wanaita siku ya posho, kwa Wahindu ni siku ya Shani. Katika nyumba inayofuata desturi hii, taa ndogo ya mafuta ya ufuta inawashwa, mtu anakaa akiangalia magharibi, na kwa dakika chache anasoma maneno ya Kisanskriti kwa sauti ya kuimba. Sentinele ao mama wa kazi ya nyumba anasikia lugha asiyoijua, anaona mbegu nyeusi za ufuta na kipande cha chuma. Ni rahisi afikiri: "Hii ni dawa. Njo maana biashara yao inaenda."

Kwanza, jina. Pale Lubumbashi, kila mwenye butiki aliyetoka upande wa India anaitwa Mhindi, na ni sawa. Lakini Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu, na si kila Mhindi ni Mhindu: wengi ni Waislamu, wengine Wakristo. Wahindu si wageni wa jana. Mwaka 1961, wakati Katanga ilijitenga, brigedi ya India ilikuwa Élisabethville chini ya bendera ya ONU, na ndani yake kulikuwa Wagurka, askari wa asili ya Nepal ambao wengi wao ni Wahindu. Kapiteni wao mmoja, Gurbachan Singh Salaria, aliuawa pale tarehe 5 Desemba 1961. Watu wa Nord-Kivu nao wamewaona askari wa India wa MONUSCO miaka mingi.

Shani ni nyota ya Zohali, ile inayofundishwa shuleni kwa jina la Saturne. Wahindu wanaihesabu kati ya Navagraha, yaani "wale tisa wanaoshika": Jua, Mwezi, Mars, Mercure, Jupiter, Vénus, Zohali, pamoja na Rahu na Ketu. Hawa wawili wa mwisho hawaonekani kwa macho. Ni fasi mbili ambapo njia ya Mwezi inakatana na njia ya Jua, na kupatwa kwa jua na kwa mwezi kunatokea karibu nazo. Hata Kifaransa kimebakiza alama ya hesabu ya namna hii: lundi ni ya Mwezi, mardi ya Mars, mercredi ya Mercure, jeudi ya Jupiter, vendredi ya Vénus. Samedi njo ilipotea, juu jina lake linatoka kwa Sabato. Kihindi kinasema Shanivar, siku ya Shani.

Jina lake refu, Shanaishchara, maana yake ni mwenye kutembea polepole. Na kweli Zohali inachukua karibu miaka 29 na nusu kuzunguka Jua, basi inakaa karibu miaka miwili na nusu katika kila moja ya alama 12 za nyota. Ikipita alama iliyo mbele ya ile Mwezi ulipokuwa siku mtu alizaliwa, kisha alama yenyewe, kisha ile inayofuata, hiyo ni miaka saba na nusu. Wanaiita Sade Sati. Njo kipindi kinachoogopwa: kazi inaanguka, ugonjwa hauishi, deni halilipiki.

Kavacha ni vazi la chuma la askari, lile la kuzuia mshale. Wimbo unaanza kwa kumchora Shani: amevaa buluu, amekaa juu ya tai, ana upinde mkononi. Kisha unashuka mwilini, toka paji la uso, macho, masikio, pua, mpaka miguu, na kila kiungo kinaombewa ulinzi kwa jina tofauti la Shani: mtoto wa Jua, mtoto wa Kivuli, mdogo wake Yama mungu wa mauti. Mwishoni unataja faida ya kuusoma. Mkristo anayefungua Zaburi 91 usiku, ao anayejivika kwa maombi silaha za Waefeso sura ya 6, hatashangaa sana na mpango huo. Na kama msomaji haelewi kila neno la Kisanskriti, wazee Wakatoliki nao waliimba misa ya Kilatini miaka mingi.

Jambo la ajabu ni kwamba ulinzi unaombwa kwa yule yule anayeogopwa. Hadithi ya mfalme Dasharatha, baba yake Rama, inaeleza hilo. Alisikia kwamba mwendo wa Shani utaleta njaa ya miaka 12, akapanda mbinguni na silaha kumzuia. Shani alipendezwa na ushujaa wake akampa zawadi, na mfalme akamsifu kwa wimbo ambao mpaka leo unasomwa pamoja na kavacha.

Hapa njo tofauti na buloji inaonekana. Lubumbashi, shida ikiingia nyumbani, swali la kwanza mara nyingi ni "nani?", na jibu linaweza kumwangukia bibi mzee ao mtoto, ambaye anafukuzwa na kulala barabarani. Wimbo wa Shani hautafuti mtu. Kwa imani ya Wahindu, Shani analipa kila mmoja matendo yake mwenyewe, na kipindi chake kina mwisho unaojulikana. Hakuna jirani wa kushtaki.

Si kusema imani hii haina majeraha yake. Msichana ambaye chati yake inasemekana ina kasoro ya Mars anaweza kukataliwa ndoa. Kuna waganga wa nyota wanaouza pete za yakuti ya buluu kwa bei kali kwa watu wenye hofu. Wahindu wenyewe wamepiga kelele: Dayananda Saraswati, katika kitabu chake cha mwaka 1875, alikataa kabisa kwamba sayari zinamwadhibu mtu, na wafuasi wake, Arya Samaj, wako Nairobi tangu 1903. Kavacha yenyewe haidai pete wala malipo. Mwenye kuijua kwa kichwa anaisoma bure.

Zohali inaonekana toka Lubumbashi pia, bila chombo chochote: nukta ya manjano iliyotulia, isiyopepesa kama nyota zingine.