Nyota wa Magongo na Filimbi ya Mwamuzi

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tumeimba mashuleni, tumeiandika kwenye mbao za matangazo siku za mashindano, na tumewatupia wale walioondoka uwanjani wamenuna. Ni methali nzuri, lakini ina upungufu mmoja. Inatufundisha la kufanya tunaposhindwa; haitufundishi la kufanya tunapoamini kwamba tumedhulumiwa. Mshindani wa kweli hukubali kushindwa na mpinzani wake. Je, akubali pia kushindwa na mwamuzi?

Swali hili lipo katika kila mchezo, ila mimi nitalitazama kupitia mpira wa magongo, yaani hoki: ile ichezwayo uwanjani, tunayoijua sisi Afrika Mashariki, na ile ya barafuni, inayopendwa mno nchini Kanada. Katika michezo hiyo miwili wako nyota ambao malalamiko yao yameingia katika historia pamoja na mabao yao. Watazamaji wengi husema kwamba nyota hawa hulalamika kupita kiasi. Kwa maoni yangu wanasema kweli, lakini ni nusu tu ya kweli.

Kwanza tumtendee haki nyota mwenyewe. Mchezaji hodari ndiye anayekaa na mpira muda mrefu kuliko wenzake. Kwa hiyo ndiye anayechezewa rafu nyingi zaidi. Mara nyingi mpinzani mmoja hupewa kazi moja tu, nayo ni kumzuia asicheze. Mwamuzi ana macho mawili na filimbi moja, na mengine hayaoni. Nyota anapolalamika, basi, si lazima awe anadeka. Huenda anasema jambo lililotokea kweli. Tatizo ni namna anavyolisema, na mahali anapolisemea.

Tuanze na Munich, mwaka 1972. Michezo ya Olimpiki ya mwaka ule ilikuwa tayari imeingia msiba mkubwa: tarehe 5 Septemba watu wenye silaha waliivamia nyumba ya timu ya Israeli, na wanamichezo na walimu wao 11 wakauawa. Siku tano baadaye, tarehe 10 Septemba, ikachezwa fainali ya mpira wa magongo kati ya Pakistan na wenyeji, Ujerumani Magharibi. Pakistan walikuwa mabingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968 na mabingwa wa kwanza wa Kombe la Dunia, walilolitwaa Barcelona mwaka 1971, mashindano ambayo majirani zetu wa Kenya walishika nafasi ya nne. Tangu mwaka 1928 medali ya dhahabu ya mchezo huu haikuwahi kutoka mikononi mwa India au Pakistan.

Siku hiyo ilitoka. Zikiwa zimebaki dakika kama kumi, Michael Krause alifunga kutokana na penalti kona, na Ujerumani Magharibi ikashinda 1–0. Wapakistani waliamini kwamba waamuzi wamewanyima haki yao. Mashabiki wao waliivamia meza ya maofisa, na rais wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki, Mbelgiji René Frank, akamwagiwa maji. Wakati wa kutoa medali baadhi ya wachezaji waliigeuzia mgongo bendera ya Ujerumani, na wengine wakakataa kuzivaa medali zao za fedha. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikawafungia wachezaji maisha. Baadaye adhabu hiyo ilipunguzwa, na katika Michezo ya Montreal ya mwaka 1976 Pakistan ikarudi na medali ya shaba.

Sasa tupime faida na hasara. Bao la Krause halikufutwa. Dhahabu haikubadilisha mikono. Lakini pana hasara moja ambayo ni kubwa kuliko zote: shitaka lenyewe la Wapakistani lilisahauliwa. Ukimwuliza leo mtu anayeijua historia ya mchezo huu kuhusu fainali ile, atakuambia habari za migongo iliyogeuzwa na maji yaliyomwagwa. Ni wachache watakaokueleza ni uamuzi gani hasa uliolalamikiwa. Pengine walikuwa na haki. Pengine hawakuwa nayo. Walichofanya baada ya filimbi ya mwisho kiliifunika hoja yao, na ulimwengu haukuona tena haja ya kuisikiliza. Mlalamikaji anayempiga karani wa mahakama hawezi kutegemea jalada lake lisomwe.

Mfano wa pili unatoka barafuni. Katika miaka ya 1940 na 1950 mji wa Montreal ulikuwa na nyota aliyeitwa Maurice Richard, mtu wa kwanza kufunga mabao 50 katika michezo 50, msimu wa 1944–45. Alikuwa mwepesi wa kufunga na mwepesi wa kukasirika. Tarehe 13 Machi 1955, huko Boston, aligombana na mpinzani aliyekuwa amemjeruhi kichwani, akampiga kwa gongo. Mwamuzi msaidizi, Cliff Thompson, alipojaribu kumshika, Richard akampiga ngumi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, alimfungia michezo yote iliyobaki ya msimu, pamoja na ile ya kuwania Kombe la Stanley.

Tarehe 17 Machi Campbell alikwenda uwanjani Montreal kutazama mchezo. Alirushiwa mayai na nyanya. Bomu la moshi wa machozi likalipuka. Mchezo ukavunjwa na ushindi ukapewa timu ya Detroit. Watu walimiminika barabarani wakavunja vioo vya maduka. Kesho yake Richard mwenyewe alizungumza redioni akiwasihi watu watulie. Msimu ule alikosa kuwa mfungaji mwenye pointi nyingi kwa tofauti ya pointi moja tu, na timu yake ikashindwa na Detroit katika fainali.

Ukikomea hapo utasema: huyu ni nyota mkorofi, basi. Lakini rudi nyuma kidogo. Richard alikuwa na safu katika gazeti moja la Montreal. Mapema mwaka 1954 aliitumia kumshambulia Campbell, akamwita dikteta. Ligi ilimlazimisha aombe radhi, aweke dola 1,000 kama dhamana ya mwenendo mwema, na aache kuandika. Simsifu kwa lugha aliyoitumia. Hata hivyo, gazeti ni mahali pa maneno, na aliponyang'anywa mahali pa maneno, malalamiko yake hayakufa. Yeye na mamia ya maelfu ya Wakanada wasemao Kifaransa, waliohisi kwamba wenye madaraka wasemao Kiingereza wanawaonea ndani ya mji wao wenyewe, walibaki na dukuduku lisilo na mlango wa kutokea. Hili haliihalalishi ngumi aliyopigwa Thompson, ambaye alikuwa kazini. Linaeleza kwa nini mji mzima uliwaka kwa ajili ya mchezaji mmoja.

Wa tatu ni Mario Lemieux wa Pittsburgh. Mwaka 1992 alichoka kuona wachezaji wa ufundi wakishikwa na kuvutwa kwa magongo huku waamuzi wakinyamaza, akaiita ligi yake ligi ya gereji. Alitozwa faini ya dola 1,000, na wengi wakasema ndiyo tabia ya nyota, kulialia. Ilipita miaka. Msimu wa 2004–05 haukuchezwa kabisa kwa sababu ya mgogoro kati ya wamiliki na wachezaji. Ligi iliporudi mwaka 2005, ilirudi na agizo kali kwa waamuzi: kushika na kuvuta kwa gongo kuadhibiwe kama sheria inavyosema. Yale yaliyoitwa kulialia yakawa siasa rasmi ya ligi. Angalia tofauti: Lemieux hakudai filimbi moja igeuzwe kwa faida yake usiku ule. Alilaumu namna sheria ilivyokuwa ikitumika kwa wote.

Hapo ndipo ninapoona mpaka ulipo. Malalamiko yanayotaka uamuzi huu ugeuzwe, sasa hivi, kwa ajili yangu, huwa ni kelele hata yakiwa ya kweli. Malalamiko yanayotaka sheria itazamwe kwa ajili ya wote ni mchango, hata yakisemwa kwa hasira.

Wasimamizi wa mpira wa magongo wa uwanjani nao wamejifunza. Kadi bado zipo: ya kijani yenye pembe tatu, ya njano ya mraba, nyekundu ya duara, na nahodha bado anawajibika kwa mwenendo wa wenzake. Lakini katika mashindano makubwa ya karne hii wameongeza kitu kingine. Timu inayoamini kwamba imeonewa inaweza kuomba mwamuzi wa video atazame tukio. Ikiwa ilikuwa sahihi, haki yake ya kuomba inabaki. Ikiwa ilikosea, inaipoteza. Sheria hii imewapa wachezaji mlango wa kupitishia malalamiko, na imewatoza gharama wakiutumia ovyo. Mchezaji ambaye zamani angepayuka mara ishirini, sasa lazima ajiulize: hili nina hakika nalo, au nina hasira tu?

Huku kwetu hatuna kamera viwanjani, na waamuzi wengi hufanya kazi hiyo kwa mapenzi. Timu ya Tanzania ilicheza mpira wa magongo katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikafungwa na India 18–0. Kipigo cha namna ile kina heri yake: hakimwachii mtu nafasi ya kumlaumu refa. Hatari iko pale mchezo unapokaribiana, na mwamuzi ni mwalimu kijana aliyeshika filimbi kwa mara ya kwanza mbele ya shule mbili. Katika kuwafundisha walimu nimeona mara nyingi jinsi kijana wa namna hiyo anavyoyumba: mchezaji hodari akipaza sauti mara tatu, mara ya nne filimbi inampendelea. Anayeumia hapo ni yule beki wa pembeni asiye na jina, ambaye naye amechezewa rafu, akanyanyuka, akajifuta vumbi, akaendelea. Hakuna anayemhesabia.

Kwa ajili ya huyo ndiyo maana kelele za nyota si jambo dogo. Mwamuzi akishawishika na sauti, haki inakuwa mali ya wenye sauti. Nyota anayelipenda kweli neno haki na alipeleke kwa nahodha, kwa chama, kwenye kikao cha kurekebisha sheria. Na akifika huko, aseme pia habari za rafu alizochezewa yule beki.