Mlima Ukiporomoka, Unaelekea Wapi?

Kwenye kipindi tuligusia Hanang, muda ukatubana. Basi nyongeza ndiyo hii.

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yaliingia Katesh, yakaua watu zaidi ya 80. Wengi tunajiuliza: kompyuta haiwezi kuonyesha njia mapema?

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1881 mlima ulianguka kijijini Elm, Uswisi, wakafa watu 115. Mwanajiolojia Albert Heim alikwenda kuchunguza. Kitabu chake cha 1932 kinaeleza pembe ya mstari kutoka mwamba ulipomeguka hadi kifusi kiliposimama: pembe ikiwa ndogo, kifusi kimefika mbali. Zipo programu zinazoitumia hadi leo, ila zinahitaji pia sura ya ardhi.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Februari 2000, chombo cha Endeavour kilipima dunia kwa rada. Marekani ikatoa vipimo vya kila mita 30 kwa ardhi yake, Afrika ikapewa vya kila mita 90. Korongo la mita 40 linapotelea humo. Vya mita 30 tulipata 2014.

Kwa hiyo sura ya Hanang ilikuwepo, bure, miaka tisa. Ila ramani haimhamishi mtu. Anatakiwa wa kupiga hesabu, na wa kugonga milango bondeni kabla ya mvua.