Uungwana: Haiba ya Mtu katika Miji ya Waswahili

Uungwana ni jumla ya mwenendo, usemi, mavazi na maarifa ambayo wakazi wa miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, kutoka Barawa hadi Kilwa pamoja na visiwa vyake, waliyatumia kumpima mtu aliyekamilika. Muungwana alitambulikana kwa kanzu safi na kofia ya vito, kwa namna alivyobisha hodi, alivyoketi barazani na alivyonyoosha mkono kwenye sinia, na zaidi ya yote kwa namna alivyosema na mtu asiye na uwezo wa kumdhuru wala kumfaa. Wengi walioandika kuhusu pwani wameitazama haiba hii kama pambo la matajiri au kama haki ya ukoo. Makala haya yanashikilia jambo jingine: kwamba ilikuwa kazi ya kumjali mwenzio iliyofanywa ionekane kwa macho, isikike kwa masikio na hata inukie, na kwamba kazi hiyo mtu yeyote angeweza kujifunza. Ndiyo maana wenye nguvu walihangaika sana kuwazuia wengine wasijifunze.

Miongoni mwa ushahidi wa kale tulio nao ni ule wa Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyepita pwani hii mwaka 1331. Mogadishu alipokewa kwa tambuu na popoo na kunyunyiziwa marashi ya waridi kabla hajaulizwa la maana. Mombasa aliona kwamba milangoni mwa misikiti palikuwa na maji na kata ya kuyachotea, na kila aingiaye aliosha miguu na kuifuta kwanza. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipaji vyake, akiketi na mafukara na kula nao. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa, fukara kutoka Yemen alimwomba sultani nguo zile zile alizovaa. Sultani alirudi ndani, akavaa nyingine, akamwita yule fukara aje azichukue. Kitendo hicho kina mengi ndani yake. Sultani hakutuma mtumishi alete nguo kuukuu, hakumwambia mwombaji arudi kesho, wala hakumvua heshima kwa kumhoji. Ibn Battuta anaongeza kwamba alipofariki, alirithiwa na ndugu yake Daudi, ambaye waombaji walipomjia aliwajibu kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wote wawili walitoka nyumba moja na walirithi kiti kimoja, lakini mmoja tu ndiye aliyekumbukwa kwa jina zuri. Nasaba peke yake, basi, haikutosha hata katika jumba la kifalme.

Simulizi hilo hilo lina doa ambalo halifai kufichwa. Mtoto wa sultani alizikomboa zile nguo kwa kumpa fukara watumwa kumi, na sultani mwenyewe akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu uliomtukuza mtoaji ulilipwa kwa miili ya watu ambao hakuna aliyewauliza neno. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote dhidi ya uungwana, na makala haya yatalirudia baada ya kueleza jinsi haiba yenyewe ilivyofanya kazi katika maisha ya kila siku.

Nyumba ya mawe ya Lamu, Pate au Mji Mkongwe wa Unguja ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu adabu imejengwa katika kuta zake. Mbele ya mlango pana daka lenye viti vya mawe pande mbili, na mgeni wa kiume alikaribishwa hapo, akapewa kahawa, bila kuwavunjia stara waliomo ndani. Njia ya kuingilia hupinda ili mpita njia asione ua. Mgeni hubisha hodi, husubiri, hubisha tena. Asipojibiwa mara ya tatu huenda zake bila kinyongo, maana kimya nacho ni jibu na mwenye nyumba hapaswi kulazimishwa kutoa udhuru. Kwenye chakula mwenye nyumba haondoi mkono kwenye sinia kabla ya mgeni wake, asije mgeni akaacha kula na njaa bado anayo. Kila mtu hula upande wake. Harufu nayo ilikuwa sehemu ya mapokezi: chetezo cha udi kilipitishwa chini ya nguo na kuzungushwa vyumbani, wanawake walivaa vikuba vya asumini, rihani na mkadi, wakajisinga kwa liwa. Atakayesema kwamba haya ni mambo ya watu wenye fedha atakuwa amesema nusu ya kweli. Udi mzuri ulikuwa ghali tangu zamani na bado ni ghali. Lakini asumini humea uani, maji ya kisima hayakuuzwa kwa mizani, na kanzu moja iliyofuliwa na kupigwa pasi ilimtosha mtu kuketi na yeyote. Tajiri aliyejirundikia vitambaa na dhahabu akapaza sauti barazani aliitwa mlimbwende au mwenye majivuno, na majina hayo hayakuwa sifa. Kiasi ndicho kilichopimwa: manukato yatangulie kidogo tu, yasimpige mtu usoni, kicheko kisikike, kisijaze mtaa.

Usemi ulihitaji mafunzo marefu zaidi kuliko mavazi. Maamkio hayakuwa neno moja; yaliuliza hali, nyumbani, watoto, kazi, na mtu aliyeyakatiza ili aeleze shida yake alionekana amefika kuchukua, hakufika kuonana. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake kuhusu desturi za Waswahili kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, aliyapa maamkio nafasi kubwa, na alifanya hivyo kwa haki, kwa kuwa humo ndimo mtu alimokubali kuwapo kwa mwenzake kabla ya haja yoyote kutajwa. Lawama pia ilikuwa na njia yake. Ilifungwa katika fumbo, methali au shairi, ili mlengwa aipate na wengine waliopo waweze kujifanya hawakuipata, naye apate nafasi ya kujirekebisha bila kuanikwa. Kanga, iliyoanza kuvaliwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na baadaye kuchapwa maneno juu ya mji wake, iliipeleka sanaa hiyo hadi kwenye kitambaa: mwanamke aliweza kumjibu jirani kwa kupita tu mbele ya mlango wake. Inaweza kusemwa kwamba fumbo ni silaha ya mwoga, na kwamba kanga na taarabu zimeumiza watu wengi. Ni kweli, na mipasho ya leo haina haya ya kumtaja mtu kwa dalili zote isipokuwa jina. Hata hivyo fumbo lenye kusudi la kudhalilisha limeacha kazi yake ya asili. Watu wa pwani wenyewe waliitambua tofauti hiyo, ndiyo maana mtu aliyesifiwa ufundi wa maneno aliweza wakati huo huo kulaumiwa ulimi.

Sasa turudi kwenye utumwa. Katika karne ya 19 mavazi yalitumika waziwazi kuwatenga watu. Watumwa wanawake walivaa kaniki nyeusi au merikani, kitambaa kigumu kisichotiwa rangi kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani. Hawakuruhusiwa kujifunika kichwa kama wanawake huru, na wanaume hawakuruhusiwa kofia wala viatu mbele ya mabwana zao. Lamu, bibi wa ukoo mkubwa alitembea ndani ya shiraa, pazia lililobebwa na watumwa wake, hata stara yake ikawa mzigo kichwani na mikononi mwa wanawake wengine ambao wao walinyimwa stara. Mtu anaweza kuhitimisha hapa kwamba uungwana haukuwa zaidi ya ua la miiba lililozungushiwa wenye mali. Hitimisho hilo lina haki kubwa, na anayeisifu adabu ya pwani bila kulitaja hawatendei haki waliofanyishwa kazi ili wengine wapate nafasi ya kuwa wapole. Lakini marufuku zenyewe zinashuhudia kitu kingine. Hakuna anayemkataza mtu jambo asiloliweza. Kama haiba ingekuwa ndani ya damu, mtumwa mwenye kofia angebaki mtumwa machoni pa wote na kofia isingemtia bwana wasiwasi. Marufuku iliwekwa kwa sababu ilijulikana kuwa mtu yule, akivaa, akanawa, akasema kwa upole na akajua kupokea mgeni, hangetofautishwa.

Yaliyotokea baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, yalilithibitisha hilo. Waliokuwa watumwa waliitupa kaniki, wakachukua kanga za rangi, kisha ukaya, na kadiri karne ya 20 ilivyoendelea, buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Hawakuiga tu sura ya mabwana. Waliingia kwenye vyuo vya Kurani, kwenye vyama vya ngoma, kwenye ndoa na misiba ya mtaa, wakadai kuamkiwa na kujibiwa. Siti binti Saad ndiye mfano mkubwa zaidi. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia fukara yenye asili ya utumwa, akaitwa Mtumwa, akauza vyungu kwa kutembeza. Mjini alijifunza kuimba na kughani kwa ufasaha, akapewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zilizouzwa Afrika ya Mashariki yote. Aliimba mbele ya matajiri na mbele ya wabeba mizigo, na nyimbo zake zilitaja wazi dhuluma walizofanyiwa wanyonge. Shaaban Robert alipoamua kuandika wasifu wa mtu aliyestahili kuigwa, alimwandika yeye. Hapo nasaba haikuwa na la kusema. Safari kama hiyo ilifanywa na shikamoo pia, maamkio ambayo asili yake ni unyenyekevu wa aliye chini kwa bwana: leo hufuata umri, na mtoto wa waziri humwamkia nayo mzee anayepika chai ofisini kwa baba yake.

Pingamizi jingine linawahusu wanawake. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi karibu mwaka 1858, na humo haiba ya mwanamke imefungamanishwa na kumridhisha mume: usafi, manukato, nywele, sauti, hata namna ya kumwamsha aliyelala. Humo pia anamwonya binti asichangamane na watumwa nje ya kazi. Msomaji wa leo ana sababu nzuri ya kukataa sehemu kubwa ya mashauri hayo, na kusema kwamba mzigo wa kuwa mpole uligawanywa bila usawa ni kusema kweli tupu. Ila utenzi huo una sehemu ambayo mara nyingi husomwa haraka mno: kabla ya mume, mama anaweka dini, adabu na ulimi wenye kutunzwa, na anamtaka binti awe mtu wa kupendwa popote anapoingia. Na aliyeyatunga hayo alikuwa mgonjwa karibu na kufa, mwanamke aliyejua sheria za ushairi kiasi cha kutufikia sisi baada ya zaidi ya miaka 160. Haiba yake mwenyewe ilikuwa elimu, ingawa hakuiorodhesha.

Mwisho, wapo wanaodhani kwamba uungwana umekufa na unaweza kurudishwa kwa amri. Tanzania ilijaribu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi jijini Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa. Makundi ya vijana wa kiume yaliwashambulia wanawake mitaani, na polisi ikalazimika kuingilia. Linganisha na safari ya kanzu, ambayo ilifika Buganda katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani, bila kulazimishwa na jeshi lolote, hata ikawa vazi ambalo mwanamume wa Kiganda, awe Mkristo au Mwislamu, hulivaa chini ya koti anapokwenda kujitambulisha ukweni. Lilipokewa kwa sababu waliolivaa walivutia. Waliovamia wanawake vituoni mwa mabasi walijiona walinzi wa heshima. Kwa kipimo cha pwani, kinachoanza na stara ya mwingine, wao ndio walioivunja, na haikujalisha suruali zao zilikuwa na upana gani.