Chungu cha Shule: Haki na Ukweli Katika Chakula cha Wanafunzi, Tarime na Serengeti

Historia ya madarasa ya nchi yetu imeandikwa, kwa sababu madarasa huhesabika, huezekwa na kuzinduliwa kwa hotuba. Historia ya uji wa wanafunzi haijaandikwa vya kutosha. Uji haukatiwi utepe, na ukikosekana hauachi gofu ambalo mtu atakuja kuliona. Lakini kada yeyote anayefanya kazi katika kata za Tarime na Serengeti anajua kuwa ni ajenda chache zinazowasha mkutano wa kijiji upesi kama chakula cha shule: nani ametoa, nani hajatoa, nani anajifanya maskini, na mahindi ya mwaka jana yaliishia wapi.

Katika semina tunazoendesha, mjadala wa jambo hili huanza karibu kila mara kwa kumshuku mzazi. Fulani ana ng'ombe zizini lakini husema hana kitu. Msimamo wetu katika makala haya ni kwamba mjadala ukianzia hapo umeanza pabaya. Utaratibu unaomtaka mtu athibitishe umaskini wake kabla mwanawe hajapewa kikombe cha uji huzaa uongo wenyewe; na uongo mkubwa zaidi haukai mdomoni mwa mzazi, hukaa daftarini. Hapana budi turudi nyuma ili tuone jinsi tulivyofika hapa.

Mwezi Machi 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Shule zilitakiwa ziwe pia mahali pa uzalishaji. Shule za sekondari, ambazo nyingi zilikuwa za bweni, zilitakiwa kuwa na mashamba yao wenyewe. Shule ya msingi ilitazamiwa ishirikiane na kijiji kinachoizunguka. Shabaha ilikuwa kumfunza kijana kwamba anayekula hana budi azalishe, na kwamba msomi si bwana mdogo wa kulishwa na wakulima. Katika utekelezaji lilizuka swali ambalo halikupewa uzito wake: mavuno ya shamba la shule ni ya nani? Mahali ambapo hesabu ilisomwa hadharani, watoto walijua magunia mangapi yameuzwa kununua vifaa na mangapi yamebaki kwa chakula. Mahali ambapo haikusomwa, watoto walilima, walipalilia, walivuna, kisha wakarudi nyumbani na njaa. Kulima bila kujua mavuno yamekwenda wapi ni unyonyaji, hata kama jembe limeandikwa jina la shule.

Hatua kubwa ya pili ilichukuliwa katika mkoa huu huu wa Mara. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi iwe ya watoto wote ifikapo mwaka 1977, mapema kuliko ilivyokuwa imepangwa. Ada ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi, iliyokuwa milioni moja na kitu mwaka 1974, ilipita milioni tatu mwaka 1980. Hakuna nchi nyingi maskini zilizothubutu kufanya hivyo. Yafaa tukumbuke jambo moja katika uamuzi ule: Chama hakikuuliza baba wa mtoto ana ng'ombe wangapi kabla ya kumpa mtoto nafasi darasani. Nafasi ilikuwa haki ya mtoto.

Kwa bahati mbaya, mwaka ule ule ulikuwa wa ukame na upungufu wa nafaka. Ulikuwa pia mwaka wa operesheni ya vijiji, familia zikihamishwa kutoka mashamba yao ya zamani kabla mapya hayajazaa. Wazee wanaukumbuka unga wa njano kutoka ng'ambo, uliopewa jina la Yanga, na katika shule nyingi za nchi watu wa rika hilo wanaikumbuka bulga. Chakula kile kilikuwa cha dharura. Hakikuwa na bajeti ya kudumu wala azimio lake chenyewe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na hali ya uchumi ilivyozidi kuwa ngumu, michango ya wazazi ilirudishwa katikati ya miaka ya 1980, na chakula cha shule ya kutwa kikabaki jambo la hiari ya kila mahali.

Wakurya wa Tarime walikuwa na mfano mwingine karibu, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Mwaka 1979 serikali ya Kenya chini ya Rais Moi ilianza kugawa maziwa bure kwa watoto wote wa shule za msingi, maziwa ya Nyayo. Sifa moja ya mpango ule haikatiki: mtoto wa chifu na mtoto wa kibarua walikunywa pakiti ileile, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kwa nini anakunywa. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ulishuka kutoka juu kama hisani ya mtawala. Mzazi hakushika daftari lake, kwa hiyo ulipolegea na hatimaye kukoma katika miaka ya 1990, hapakuwa na mkutano wa kijiji uliokuwa na nguvu ya kudai maelezo. Hisani haina mkaguzi.

Kwetu, ada ilifutwa tena mwaka 2001. Katika miaka ya 2010 chakula cha msaada kutoka Marekani kilipikwa katika baadhi ya shule za Mara, hasa Musoma na Bunda, kupitia shirika la Project Concern International. Kisha ukaja uamuzi wa elimumsingi bila malipo, ulioanza kutekelezwa Januari 2016. Hapa pana jambo ambalo kada hana budi alielewe vizuri, maana ndipo mkanganyiko wa leo ulipoanzia. Serikali ilibeba ada na gharama za uendeshaji. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua kwamba chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni wajibu wa mzazi. Lakini neno lililofika vijijini lilikuwa moja tu: bure. Mzazi alisikia bure, mwalimu mkuu akaogopa kushika hata debe moja asije akashitakiwa kwa kuchangisha, na katika shule nyingi chungu kikapoa. Ulihitajika mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni, na kampeni za wakuu wa mikoa na wilaya, kuanza kukipasha moto upya.

Utaratibu uliorudi ni wa mchango: mahindi kwa debe au kwa kilo, maharage, fedha kidogo ya mpishi, pamoja na kuni na maji. Hatuna ugomvi na mchango wenyewe. Ugomvi wetu ni na orodha inayotokana nao. Ziko shule ambako kengele ya saa nne ikilia, waliolipiwa hupanga mstari na vikombe, na wasiolipiwa hukaa chini ya mti wakiwatazama. Mtoto anaadhibiwa kwa deni ambalo hakulikopa. Naye hujifunza somo ambalo halimo katika muhtasari wowote wa uraia, kwamba usawa hukoma mlangoni mwa jiko.

Wapo wanaosema dawa ni kuwachambua maskini wa kweli na kuwasamehe. Kwa maneno hilo ni jepesi. Hebu tulijaribu katika mji wa Kikurya. Mwanamume mmoja ana wake watatu. Kwa desturi kila mke ana nyumba yake, shamba lake na ghala lake. Ng'ombe ni wa mji na husimama kwa jina la baba, wala haziuzwi kila mtoto anapodaiwa maharage, kwa kuwa ndizo mahari za wana na kinga ya ukame. Karani akiandika mji mmoja wenye ng'ombe thelathini, amesema kweli. Mke wa tatu akisema ghala lake ni tupu tangu Februari, naye amesema kweli. Iko pia nyumba ntobu, ambamo mwanamke mwenye ng'ombe wake huoa mke ili nyumba yake ipate watoto: je, huyu ni mjane maskini au ni mwenye mji? Waratibu wa takwimu wana kanuni nzuri kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Ingefuatwa kwa uaminifu, mji ule ungekuwa kaya tatu. Mara nyingi huandikwa mmoja, kwa kuwa mwenye kuandikisha ni baba.

Uzoefu wa TASAF unatufundisha upande wa pili. Mpango wa kunusuru kaya maskini, ulioenezwa nchini baada ya mwaka 2012, uliwapa wananchi nafasi ya kutaja maskini wao wenyewe katika mkutano. Huo ni utaratibu wa kidemokrasia, nao umewasaidia wengi, kwa kuwa sehemu ya ruzuku hufungwa na mahudhurio ya watoto shuleni. Hata hivyo uhakiki wa mwaka 2016 ulikuta kaya hewa zaidi ya 50,000 nchini: waliokufa, waliohama, wasiostahili, na majina yaliyoingizwa kwa undugu. Mwaka ule ule uhakiki mwingine ulikuta wanafunzi hewa zaidi ya 60,000. Mama wa nyumba ya tatu hana uwezo wa kuumba mwanafunzi hewa. Mwanafunzi hewa huumbwa na anayeshika kalamu.

Ndugu wasomaji, tuchukue hesabu ndogo ambayo kada anaweza kuifanya ubaoni. Shule ina wanafunzi 400, na kipimo cha unga wa uji ni gramu 100 kwa kila mmoja. Stoo hutoa kilo 40 kwa siku. Siku nyingi waliofika ni 310, wengine wakichunga, wakichimba au wakiuguza. Kilo 9 kila siku hazina mlaji. Kwa siku 20 za masomo ni kilo 180, karibu magunia mawili kwa mwezi. Kuyapata magunia hayo hakuhitaji mpelelezi. Inatosha daftari la mahudhurio na daftari la stoo viwekwe juu ya meza moja, mbele ya watu. Sasa tulinganishe na mzazi aliyedanganya kwamba hana maharage akanusuru kilo tano kwa mwaka. Yeye tunamjua kwa jina na tunamtaja mkutanoni.

Nchi nyingine zimelipitia suala hili. Uingereza ilipitisha sheria ya chakula shuleni mwaka 1906, ikihangaika tangu mwanzo na swali la nani anastahili bure. Vizazi vya watoto wa wafanyakazi viliona haya kujulikana, na wapo waliochagua njaa. India ilifuata njia nyingine. Novemba 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru chakula kilichopikwa kitolewe kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali au inayosaidiwa na serikali, bila kupima umaskini wa mzazi. Wizi haukukoma India, lakini mtoto hakuwa tena mtuhumiwa.

Itaulizwa: Tarime na Serengeti zitapata wapi cha kuwalisha wasiolipiwa? Swali hilo linatushangaza kidogo. Nyamongo kuna dhahabu. Vijiji vya Kewanja, Nyangoto, Kerende, Genkuru na Nyamwaga vinauzunguka mgodi, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 mwenye mgodi hana budi kukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii. Upande wa Serengeti, Robanda na vijiji wenzake vya Ikona hupata mgao wa utalii. Sehemu kubwa ya fedha za namna hii imejenga madarasa, zahanati na visima, na hatusemi vibaya. Lakini kuziba pengo la watoto wachache katika chungu ni gharama ndogo ukilinganisha na darasa moja, nayo hukosa mtetezi kwa kuwa haina jiwe la msingi.

Kuna na tembo. Katika vijiji vinavyopakana na mapori ya Ikorongo na Grumeti, mahindi yakikaribia kukomaa kundi moja huweza kumaliza shamba usiku mmoja. Kaya iliyokuwa na uwezo Machi haina kitu Juni. Orodha ya maskini iliyoandikwa Januari haimjui mtu huyu, na fomu ya kifuta jasho huchukua muda wake. Orodha huzeeka, tumbo halingoji.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa makada wa wilaya hizi mbili utaratibu ufuatao. Wanafunzi wote waliofika wale pamoja, kwa kipimo kimoja. Deni la mchango liandikwe kwa jina la mzazi, lijadiliwe na watu wazima, na mwenye shida aruhusiwe kulipa kwa kuni, maji au siku za kazi katika shamba la shule. Kila mke mwenye ghala lake aandikwe kaya. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Katika kila mkutano, kabla ya orodha ya wadaiwa kusomwa, lisomwe kwanza daftari la stoo: magunia yaliyoingia, yaliyotoka, watoto waliofika, na baki. Mtunza stoo asome mwenyewe, amesimama, na gunia la baki lipimwe hapo hapo.