Mnyama Aliyepita Plateau

Picha ni mbaya, wacha nikubali mapema. Niliipiga dirishani mwa matatu mwendo wa saa kumi na mbili unusu jioni, mvua ikiwa imekatika tu, tukikaribia Plateau kutoka Eldoret. Ukiitazama unaona ua wa waya, nguzo moja iliyoinama, na nyuma ya nguzo kitu cheusi kilichoinamisha kichwa. Mabega yako juu, mgongo unateremka. Mkia hauonekani. Dereva hakupunguza mwendo, kwa hivyo nilipata picha hiyo moja tu.

Nikaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya watu wa nyumbani na swali: huyu ni nani? Kabla sijashuka stejini, majibu yalikuwa yamejaa. Fisi. Chui. Mbwa tu, acheni uoga. Binamu yangu akaandika "chemosit!" na kicheko kirefu. Mzee mmoja jirani yetu hakucheka. Wiki hiyo alikuwa amepoteza kondoo wawili. Aliandika mstari mmoja: kama ni fisi, dawa yake naijua.

Kila mtu kwenye grupu alijua dawa gani. Nyama inapakwa sumu, inaachwa kando ya njia usiku. Sumu haiulizi aliyekula ni nani. Inaua fisi, inaua mbwa wa jirani, inaua na tai atakayekuja kula mzoga. Nilikaa na simu mkononi nikaona kwamba nimepeleka ushahidi kwenye kesi bila kujua mshtakiwa ni nani.

Niliacha chuo mwaka wa tatu nikisoma historia. Karo iliisha, na kusema kweli hata hamu ilikuwa imeisha. Lakini tabia ya kufukua mambo ya zamani haikuniacha, na usiku huo nilikumbuka kwamba sikuwa mtu wa kwanza kwenye uwanda huu kuona mnyama nusu nusu kisha kuwaachia watu wengine kazi ya kumalizia.

Mwaka 1912 jarida la chama cha wapenda maumbile wa Afrika Mashariki na Uganda lilichapisha makala ya Mwingereza aitwaye Geoffrey Williams kuhusu mnyama asiyejulikana wa Uasin Gishu. Alikuwa akisafiri na binamu yake karibu na mwamba wa Sergoit, muda mfupi baada ya vita vya Waingereza dhidi ya Wanandi. Kulikuwa na ukungu. Ulipofunguka kidogo, wakaona mnyama mkubwa ameketi wima, kama dubu wa bustani ya wanyama anayengojea kutupiwa chakula. Kisha akashuka, akaondoka kwa mwendo wa upande upande kuelekea mwambani. Williams alifyatua risasi moja ya haraka, akakosa. Mnyama akageuka, akawatazama, akapotea.

Kumbuka makala ilitoka miaka kadhaa baadaye. Hakuna ngozi, hakuna fuvu, hakuna picha. Kuna ukungu, bunduki, na kumbukumbu ya mtu aliyekulia kwenye nchi yenye bustani za dubu. Kusini mwa Sahara hatuna dubu wa porini, lakini macho yake yalichukua umbo lililokuwa tayari kichwani. Baada yake wengine wakajitokeza na habari zao, na C. W. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni, akazikusanya na kuziandikia kwenye jarida hilo hilo. Mnyama akapata jina: dubu wa Nandi. Mwaka huo wa 1912 ndio pia makazi ya walowezi yaliyokuwa yakiitwa 64, kwa namba ya shamba, yalipewa jina la Eldoret. Watu wapya walikuwa wakiipa nchi majina mapya, na kila kilichotembea gizani kilihitaji lake.

Kinachoniuma ni jina lingine walilombandika: chemosit. Sisi tuliokua tukitishwa nalo tunajua si mnyama wa kuwindwa. A. C. Hollis aliyaandika maelezo ya Wanandi katika kitabu chake cha 1909: chemosit ni nusu mtu, nusu ndege, ana mguu mmoja, na mdomo wake mwekundu unang'aa usiku kama taa. Kogo wangu angekwambia hivyo hivyo, pengine na ziada. Hakuna mahali dubu anaingia hapo. Walowezi walichukua zimwi la hadithi, wakalivisha manyoya ya kitu walichokiona kwenye ukungu, kisha wakasema wenyeji wamethibitisha. Kwa miaka mingi wataalamu wakapendekeza fisi, nyegere, muhanga, hata mnyama wa kale aliyedhaniwa kutoweka. Hakuna aliyeleta mwili.

Sasa, ungedhani mwili ungemaliza ubishi. Sikiliza hii.

Mwaka 1904 Oldfield Thomas wa jumba la makumbusho la London alimtangazia ulimwengu wa sayansi nguruwe mkubwa wa msituni, kwa kutumia mabaki aliyotumiwa na afisa wa jeshi aliyekuwa Kenya. Watu wanaoishi na misitu hiyo walikuwa wakimjua nguruwe huyo zamani. Mpaka leo jina lake la kisayansi ni Hylochoerus meinertzhageni, kwa heshima ya afisa huyo, Richard Meinertzhagen. Ukiwa umesoma shule huku kwetu, jina hilo unalijua kwa sababu nyingine. Tarehe 19 Oktoba 1905 ndiye aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei, katika mkutano ambao Koitalel aliambiwa ni wa amani.

Meinertzhagen aliishi mpaka 1967, akisifiwa kama bingwa wa ndege. Kisha katika miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Pamela Rasmussen, wakaanza kuchunguza upya ndege waliokaushwa wa mkusanyiko wake. Wakakuta baadhi yao ni wa wizi. Alichukua ndege waliokusanywa na watu wengine, akang'oa lebo, akaandika mahali pengine, tarehe nyingine na jina lake. Alidai, kwa mfano, kwamba mwaka 1914 alimpata bundi mmoja adimu wa India mahali ambapo hakumpata. Waliomtafuta bundi huyo kwa kuifuata lebo walirudi mikono mitupu. Lebo ya uongo ilipowekwa kando na watu wakafuata zile za kweli, Rasmussen na wenzake walimwona bundi akiwa hai mwezi Novemba 1997, baada ya zaidi ya miaka mia moja.

Fikiria hapo. Ndege mwenyewe alikuwa halisi. Manyoya, mdomo, kucha, vyote vipo mezani. Uongo ulikuwa kwenye karatasi ndogo iliyofungwa mguuni: wapi, lini, nani. Na neno la mtu huyo liliaminiwa kwa miongo, huku la Wanandi walioiona siku ile ya Oktoba likichukuliwa kama malalamiko ya walioshindwa.

Picha ya simu nayo ina karatasi yake mguuni. Ndani yake mna saa, na kama umeruhusu, mna mahali. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo hayo yanabaki nyuma. Kinachofika ni kivuli na nguzo, na kila mtu anaandika lebo yake. Mwenye kondoo waliokufa anaandika fisi. Binamu mcheshi anaandika chemosit. Mimi mwenyewe nilitaka awe kitu kikubwa, kwa sababu nani atasimulia habari ya mbwa?

Asubuhi yake nilipanda boda hadi pale, picha ikiwa wazi kwenye simu na futi ya fundi mfukoni. Nguzo iliyoinama niliipata bila shida. Kwenye picha ilionekana ndefu kama mtu. Nilipoisimamia, ilinifika kiunoni, tena kwa kuvuta. Waya wa pili, uliogusa mabega ya mnyama wangu, ulikuwa sentimita 46 kutoka ardhini, na ardhi nyuma ya ua ilikuwa sawa. Fisi madoa mzima ana mabega ya sentimita 70 kwenda juu. Yule mteremko wa mgongo, ambao ndio uliotufanya wengi tuseme fisi, mbwa yeyote anayenusa chini huku akitembea anaweza kuutoa. Nyayo zilikuwa zimeoshwa na mvua ya usiku.

Nilipiga picha nyingine mchana, futi ikiwa imesimama kando ya nguzo, nikazituma zote mbili pamoja, na maandishi: mahali, saa, umbali wa kukisia, kimo. Nikaandika kwamba siwezi kuapa kuwa ni mbwa. Naweza kuapa kuwa si fisi mzima. Na hata angekuwa fisi, picha ya mnyama aliyesimama kando ya ua haisemi kondoo wa mtu walikufa vipi. Nikaongeza kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja fidia kwa mifugo iliyouawa na wanyama kama fisi na chui, lakini lazima kwanza ijulikane ni nani aliyeua. Ukishatega sumu, umechoma faili yako mwenyewe.

Mzee hakujibu mpaka jioni. Kisha akaandika: "Basi niletee mwenye mbwa."

Grupu ikacheka, na safari hii yeye pia alicheka. Jumamosi nilimkuta akifunga matawi ya miiba kwenye zizi. Hakutaja picha. Alinikabidhi panga, akanionyesha upande wenye pengo, akasema nianzie hapo.