Nguzo Yenye Watoto Wasio na Majina

Leo tuziache kidogo habari za nani kamwagana na nani. Juzi usiku nilikuwa naperuzi simu nikakutana na picha ya nguzo moja ndefu ya mti, iko Kanada. Nikasema nisome kidogo nilale. Nimelala saa nane.

Inaitwa Nguzo ya Maridhiano. Ipo Vancouver, ndani ya Chuo Kikuu cha British Columbia, kwenye ardhi ya wenyeji wa Musqueam ambayo hawakuwahi kuitoa kwa mkataba. Ina urefu wa mita 17 hivi, na mti wenyewe ni mwerezi mwekundu wenye umri wa miaka kama 800. Fundi ni James Hart, chifu wa Wahaida, watu wa visiwa vya magharibi mwa Kanada. Tarehe 1 Aprili 2017 umati ulishika kamba, ukavuta mpaka nguzo ikasimama.

Sasa ngoja nikupeleke nyuma. Kuanzia miaka ya 1880 mpaka miaka ya 1990, zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji walipelekwa shule za bweni za serikali na makanisa. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Huko ukiongea lugha ya mama yako, unachapwa. Maelfu walifariki, wengi kwa magonjwa kama kifua kikuu, na wazazi wengine hawakuonyeshwa hata kaburi.

Nguzo inasomwa kutoka chini kwenda juu. Chini ni maisha kabla ya hizo shule: samaki, dubu, kunguru, mganga. Katikati kuna nyumba ya shule, imechongwa kwa mfano wa shule aliyosoma babu yake Hart. Juu yake wamesimama watoto wameshikana, wamevaa sare zenye namba. Ndiyo, namba, kwa sababu ndivyo walivyotambulika kule. Na miguu yao haionekani, maana kipindi kile hawakuwa na pa kukanyaga.

Halafu kuna misumari ya shaba, maelfu. Kila msumari ni mtoto mmoja aliyefia shuleni. Waliogongelea ni manusura wenyewe, familia zao, hata wanafunzi wa leo. Hebu fikiria bibi wa miaka 70 anashika nyundo na kugonga msumari kwa ajili ya mwenzake waliyelala naye bweni moja. Hapo ndipo nilipoiweka simu chini kwanza.

Iliniuma kwa sababu na mimi nilishavalishwa kibao shingoni sekondari, kisa nimeongea Kiswahili. Tulikuwa tunacheka. Siwezi kujifananisha na wale watoto, mimi jioni nilirudi kwetu nikala ugali. Ila nilielewa kidogo aibu inavyoanza.

Najua kuna mtu atasema, "Sasa mti uliochongwa unamponya nani?" Swali zuri. Waziri mkuu wa Kanada aliomba radhi bungeni mwaka 2008, na tume ya ukweli na maridhiano ikatoa ripoti yake mwaka 2015. Maneno yalisemwa. Lakini kumbuka kitu kimoja: mwaka 1884 Kanada ilipitisha sheria ya kupiga marufuku potlatch, zile sherehe kubwa za wenyeji ambazo nguzo kama hizi zilisimamishwa. Marufuku ilidumu mpaka 1951. Kwa hiyo kitu kilekile kilichoitwa ushenzi leo kimesimama katikati ya chuo kikuu, na ndicho kinachowasimulia wanafunzi yaliyotokea. Radhi ya bungeni ilitamkwa kwa lugha ya serikali, hii nguzo imeongea kwa lugha ya walioumizwa. Kwangu mimi, kupona kunaanzia hapo.

Huko juu kabisa kuna familia imevaa mavazi yake ya heshima, halafu vyombo viwili vinakwenda sambamba: mtumbwi wa wenyeji, na mashua ya Wakanada wengine. Hakuna aliyeambiwa ashuke apande cha mwenzake. Juu yake tai, tayari kuruka.

Haya, wewe je? Shuleni ulishawahi kuvalishwa kibao kwa ajili ya lugha yako? Dondosha yako hapo chini, ila leo tusichekane.