Dawa (kokteli)

Dawa ni kokteli ya Kenya yenye vodka, ndimu, sukari, asali na barafu iliyopondwa. Umaarufu wake umetokana na Carnivore, mkahawa wa nyama choma uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980, na leo inapatikana katika baa nyingi za hoteli Mombasa, Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki. Isichanganywe na dawa ya moto ya migahawani, ambayo ni limau, tangawizi na asali katika maji moto, bila kileo.

Mama yake ni caipirinha ya Brazili. Katika caipirinha, ndimu hukatwa vipande na kupondwa pamoja na sukari ndani ya glasi, kisha humiminwa cachaça, pombe kali inayokenekwa kutokana na maji ya miwa yaliyochachushwa. Wabrazili wenyewe hubadilisha cachaça kwa vodka, na kinywaji hicho hukiita caipiroska. Dawa imeenda hatua moja mbele kwa kuongeza asali, na hatua hiyo ndiyo iliyoipa sura yake.

Asali na barafu havipatani. Ukiimimina juu ya glasi ya baridi inakakamaa, inazama na kubaki chini kama gundi, huku kinywaji chote juu yake kikiwa hakina utamu wake. Suluhisho la dawa ni kijiti cha mbao. Mhudumu hukizungusha ndani ya chombo cha asali hadi ncha yake ivimbe na kung’aa, kisha hukichomeka kwenye glasi. Kazi inayobaki ni ya mnywaji: anakoroga, anabonyeza ndimu, anakoroga tena. Funda la kwanza huwa kali na chachu. Kadiri anavyokoroga ndivyo utamu unavyopanda. Ni kokteli chache zinazomwachia mnywaji mwenyewe kipimo cha utamu, na uzuri wa dawa uko hapo hasa. Baa inayoleta dawa iliyokwisha kukorogwa, bila kijiti, imeleta kinywaji kingine.

Glasi moja huchukua takribani mililita 60 za vodka, ndimu moja iliyokatwa vipande vinne na kijiko kimoja cha sukari. Ndimu haimenywi, kwa sababu harufu iko katika mafuta ya ganda. Hubonyezwa kwa nguvu kiasi tu. Ikisagwa, sehemu nyeupe ya ganda hutoa uchungu usioondoka.

Anayetaka kuibadili dawa hana budi kujua kila kiungo kinafanya kazi gani, maana kikitolewa kikali lazima kiingie kikali, na kikitolewa kichachu vivyo hivyo. Badiliko la kwanza linalofaa ni Konyagi ya Tanzania au Kenya Cane mahali pa vodka. Zote mbili hutokana na muwa, kwa hiyo kinywaji kinarudi karibu na ukoo wake wa Brazili. Konyagi ina kileo cha asilimia 35, wakati vodka ya kawaida ina 40. Barafu ikiyeyuka, tofauti hiyo husikika mdomoni. Kwa hiyo, ukitumia Konyagi, ni afadhali kuweka barafu ya vipande vikubwa badala ya iliyopondwa. Gongo au pombe nyingine isiyopimwa haifai hata kwa majaribio: methanoli hupofusha na kuua.

Ukwaju unaweza kushika nafasi ya ndimu kwa sehemu, si yote. Uchachu wake ni mzito na hauna harufu ile kali ya ganda, kwa hiyo nusu ya ndimu ibaki. Unga wa ubuyu nao ni mchachu, lakini huifanya glasi iwe nzito kama uji mwepesi; uchujwe kwa kitambaa kwanza. Tangawizi mbichi, vipande viwili vikipondwa pamoja na ndimu, huisogeza kokteli karibu na ile dawa ya moto.

Kiungo cha kuvutia kuliko vyote ni asali ya nyuki wadogo wasiodunga. Ina uchachu wake yenyewe, hivyo ndimu hupunguzwa. Ni nyepesi mno, haishiki kwenye kijiti: inachuruzika kabla haijafika kwenye glasi. Hiyo hukorogwa na Konyagi kwanza, barafu ikiwa bado kando.